Namna ya Kuchunguza kwa Nini Timu ya Taifa ya Vijana Haifuzu: Mfano wa Serengeti Boys

Kila mara Serengeti Boys, timu ya taifa ya Tanzania ya wavulana wa chini ya miaka 17, inapotolewa, mjadala huchukua siku mbili tatu na kuishia pale pale: kocha afukuzwe, shirikisho la soka (TFF) lijitathmini, serikali iwekeze kwa vijana. Madai hayo hayawezi kuthibitishwa wala kukanushwa, kwa sababu anayeyatoa huwa hajahesabu chochote. Mwongozo huu ni kwa ajili ya mwandishi wa michezo, kiongozi wa chama cha mpira cha wilaya, mwalimu wa michezo au shabiki mwenye subira, anayetaka kujua kwa ushahidi ni wapi hasa timu ya taifa ya vijana inapokwama, na aweze kuliandika jambo hilo kwa namna ambayo haiwezi kujibiwa kwa maneno ya jumla. Nimeichagua Serengeti Boys kwa kuwa historia yake imebeba karibu kila aina ya kushindwa, ikiwemo ile inayotokea ofisini, lakini njia yenyewe inafaa vilevile kwa Ngorongoro Heroes, timu ya chini ya miaka 20, au kwa timu za vijana za majirani zetu.

Msimamo wangu nauweka wazi mapema ili msomaji aupime anapoendelea. Timu ya vijana hushindwa miaka mitatu au minne kabla ya mechi ya mchujo kuchezwa, na kipimo kinachoonyesha hilo kuliko vingine vyote ni idadi ya mechi za kweli za ushindani ambazo mvulana amecheza kabla ya kuitwa kambini.

Tenganisha vizazi, kisha tenganisha milango

Kosa la kwanza la wachambuzi wengi ni kuizungumzia timu ya vijana kana kwamba ni klabu yenye wachezaji wale wale. Kikosi kilichokwenda Gabon mwaka 2017 kilikuwa cha vijana waliozaliwa kuanzia tarehe 1 Januari 2000, na kile kilichocheza Dar es Salaam mwaka 2019 kilikuwa cha waliozaliwa kuanzia tarehe 1 Januari 2002, kwa hiyo karibu kila kitu kilianza upya: mabeki, nahodha, mazoea ya kucheza pamoja, hata woga wa kusimama mbele ya uwanja uliojaa. Kinachobaki kati ya kizazi na kizazi ni mfumo uliowalea, na ndiyo maana kushindwa kunakojirudia hakuwezi kuelezwa kwa kutaja majina ya wachezaji.

Fungua daftari na umpe kila kizazi ukurasa wake. Andika tarehe ya mwisho ya kuzaliwa inayoruhusiwa, mashindano yaliyolengwa, hatua waliyofika, na namna walivyotoka. Kwa Serengeti Boys kurasa hizo zitakuonyesha jambo ambalo halisemwi mara nyingi. Mwaka 2005 timu ilikuwa imepata nafasi ya kwenda fainali za Afrika nchini Gambia, kisha ikapokonywa nafasi hiyo kwa sababu ya mchezaji aliyezidi umri. Mwaka 2016 timu iliitoa Ushelisheli, ikaitoa Afrika Kusini, ikaifunga Kongo-Brazzaville 3-2 jijini Dar es Salaam, kisha ikafungwa 1-0 kule Brazzaville na kutolewa kwa kanuni ya bao la ugenini. Ilikwenda Gabon kwa sababu TFF ilikata rufaa kuhusu umri wa mchezaji mmoja wa Kongo na wenzao wakashindwa kumfikisha kwenye kipimo cha umri. Mwaka 2019 Tanzania ilikuwa mwenyeji, kwa hiyo kufuzu kwenyewe hakukuwa na uzito. Mwaka 2025 ilikwenda Morocco kupitia mashindano ya CECAFA, yaani kanda ya Afrika Mashariki na Kati, na haikuvuka hatua ya makundi. Hadi Kombe la Dunia la Qatar la mwaka huo, Tanzania haikuwa imewahi kupeleka timu ya wavulana wa chini ya miaka 17 katika fainali za dunia.

Baada ya vizazi, angalia milango, yaani idadi ya nafasi na namna ya kuzipata. Fainali za Afrika za mwaka 2017 na 2019 zilikuwa na timu 8 tu, na waliofika nusu fainali ndio waliokwenda Kombe la Dunia. Mwaka 2023 timu ziliongezwa hadi 12, mwaka 2025 hadi 16, na Kombe la Dunia lenyewe likapanuliwa hadi timu 48, Afrika ikipewa nafasi 10 na mashindano yakawa ya kila mwaka. Mfumo wa mchujo nao ulibadilika: zamani ilikuwa nyumbani na ugenini dhidi ya nchi yoyote ya bara hili, sasa ni mashindano ya kanda yanayochezwa katika nchi moja kwa siku chache. Mtu asiyeandika mabadiliko haya atasema kwamba timu ya 2025 ilifanikiwa sawa na ile ya 2017 kwa kuwa zote zilifika fainali, ilhali moja ilipenya katika nane bora za Afrika na nyingine katika kumi na sita. Mlango ukipanuka na bado hupiti, visingizio vinapungua.

Soma matokeo kama daktari anavyosoma vipimo

Usiishie kuandika kwamba timu ilifungwa. Linganisha mabao yaliyofungwa na yaliyopokelewa, kisha jiulize ni udhaifu wa aina gani unaoleta namba hizo. Huko Gabon Serengeti Boys ilitoka sare ya 0-0 na Mali, ikaifunga Angola 2-1, ikapoteza 1-0 kwa Niger. Ilimaliza na pointi 4 sawa na Niger, na Niger ikapita kwa sababu ya matokeo ya mechi kati ya timu hizo mbili. Timu iliruhusu mabao mawili tu katika mechi tatu, na ilikuwa sare moja mbali na Kombe la Dunia la India. Hiyo si timu iliyozidiwa. Ni timu iliyokosa kitu kidogo katika siku moja.

Miaka miwili baadaye, katika Uwanja wa Taifa, kizazi kilichofuata kilifungwa 5-4 na Nigeria katika mechi ya ufunguzi, ambayo kwa muda fulani wa kipindi cha pili kilikuwa kikiongoza, kisha kikafungwa 3-0 na Uganda na 4-2 na Angola. Mabao sita ya kufunga katika fainali za Afrika yanaonyesha vipaji vya kushambulia; mabao kumi na mawili ya kufungwa yanaonyesha jambo jingine kabisa. Mvulana anayeweza kupiga chenga na kufunga anaweza kujifunza hayo kwenye chandimu, mpira wa mtaani. Kulinda uongozi dhidi ya Nigeria katika dakika za mwisho, kujua lini upunguze kasi, lini beki wa pembeni abaki nyuma, lini mpira upigwe nje, hayo hayafundishiki kambini kwa wiki sita. Yanatokana na kucheza mechi nyingi zenye mwamuzi, msimamo wa ligi na kitu cha kupoteza.

Hapa ndipo uchunguzi wako unapopata dhana ya kuifuata. Kabla ya kuifuata, hata hivyo, ondoa kwanza suala la umri, kwa kuwa likiachwa litaharibu hesabu zote zinazokuja.

Umri: chunguza makaratasi, wala usikimbilie kutuhumu

Vijeba, yaani wachezaji waliozidi umri, wapo, na si wa Tanzania peke yake. Guinea ilifika fainali ya michuano ya Dar es Salaam mwaka 2019, kisha ikaondolewa katika Kombe la Dunia kwa sababu wachezaji wake wawili walikuwa na tarehe za kuzaliwa tofauti na zile walizotumia awali katika mashindano nchini Japan. Senegal ikachukua nafasi yake. Januari 2023 shirikisho la Cameroon lilipima wachezaji wake 30 kabla ya mchujo wa kanda yao na 21 wakashindwa. Mwaka huohuo Sudan Kusini, iliyofuzu kupitia CECAFA, iliondolewa ikiwa tayari Algeria baada ya wachezaji wake watano kushindwa kipimo.

Kipimo chenyewe ni cha MRI, picha ya ndani ya mwili inayopigwa kwa mashine ya sumaku, cha kifundo cha mkono. Kinaangalia kama sehemu ya mfupa inayoendelea kukua karibu na kiganja imekwisha kuungana kabisa. Ikiwa imeungana, kijana anahesabiwa kuwa amevuka miaka 17. FIFA ilianza kukitumia katika Kombe la Dunia la vijana nchini Nigeria mwaka 2009, na CAF, shirikisho la soka la Afrika, nayo inakitumia. Hakina uwezo wa kutaja tarehe ya kuzaliwa. Kijana wa miaka 16 aliyekomaa mapema anaweza kukwama, na wa miaka 19 aliyechelewa kukomaa anaweza kupita, kwa hiyo kushindwa kipimo si lazima kuwe udanganyifu, na kupita si lazima kuwe usafi.

Swali la kuuliza ni moja: vijana walipimwa lini? Ikiwa walipimwa mwanzoni, kabla kocha hajachagua kikosi, shirikisho limefanya kazi yake. Ikiwa walipimwa siku chache kabla ya safari, kocha huenda alipoteza mabeki wake wawili wa kati na kiungo aliyejenga timu juu yake, na ule unaoonekana kuwa udhaifu wa kiufundi ni matokeo ya ratiba mbovu ya hospitali. Kikosi kinachobomolewa wiki ya mwisho hakitafuzu hata kikiwa na kocha bora Afrika nzima.

Jambo la pili ni kumbukumbu. Watoto wengi Tanzania hawakupewa cheti cha kuzaliwa walipozaliwa, na cheti kikitafutwa RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi, baadaye kwa ajili ya pasipoti ya mchezaji, tarehe huandikwa kwa kauli ya mzazi au ya mlezi, na wakati mwingine kwa kauli ya mtu wa klabu. Njia ya kuhakiki ni kulinganisha pasipoti na rejesta ya darasa la kwanza na ya mtihani wa darasa la saba, nyaraka zilizoandikwa kabla mtu yeyote hajafikiria kwamba mtoto huyo atacheza mpira. Mwalimu mkuu akikubali kukuonyesha, angalia na urudishe. Usipige picha na usichapishe jina wala tarehe ya mtoto. Unachohitaji ni kujua ni tarehe ngapi zinalingana na ngapi hazilingani. Atakayeadhibiwa na jamii kwa karatasi hiyo ni mvulana, na aliyeiandika mara nyingi ni mtu mzima ambaye hatajulikana.

Kuna pia uzembe usio na hila yoyote. Katika mashindano ya CECAFA ya U17 nchini Burundi mwaka 2018, Zanzibar iliondolewa kwa kuwasilisha wachezaji waliozaliwa kabla ya tarehe 1 Januari 2002, tarehe ambayo ilikuwa imeandikwa katika kanuni. Hakukuhitajika MRI kugundua hilo. Kwa hiyo katika daftari lako weka mstari kwa ajili ya barua na kanuni, na uulize ni nani katika shirikisho anayewajibika kuzisoma.

Hesabu mechi

Sasa tumefika kwenye kazi yenyewe. Chukua orodha ya wachezaji walioitwa kambini, ambayo TFF huitangaza hadharani, na kwa kila mchezaji tafuta klabu, shule au kituo alikotoka. Piga simu. Uliza katika miaka miwili iliyopita amecheza mechi ngapi zenye wachezaji kumi na mmoja kila upande, mwamuzi mwenye sifa, na matokeo yaliyoandikwa mahali. Mazoezi hayahesabiwi. Mechi za kirafiki zihesabu pembeni. Bonanza la siku moja lenye mechi za dakika ishirini liweke pembeni pia, hata kama mvulana alipewa kombe la mchezaji bora.

Utakutana na ugumu, kwa kuwa walimu na viongozi wengi hawaweki kumbukumbu, na ugumu huo wenyewe ni matokeo ya kuandikwa. Kituo ambacho hakiwezi kusema kijana wake alicheza mechi ngapi mwaka jana hakiwezi kusema pia kama anaendelea au anadorora.

Ili namba unazopata ziwe na maana, zilinganishe na hesabu nyepesi. Ligi ya vijana yenye timu 12, nyumbani na ugenini, humpa mchezaji mechi 22 kwa msimu. Mvulana aliyeingia katika ligi hiyo akiwa na miaka 13 na kuicheza kwa misimu mitatu anafika kwenye timu ya taifa akiwa na mechi 66 nyuma yake. Weka namba hiyo karibu na njia ya kawaida ya kijana wa Kitanzania. UMITASHUMTA kwa shule za msingi na UMISSETA kwa sekondari ndiyo mashindano yanayofika karibu kila wilaya, na nayasifu kwa hilo. Bila hayo kijana wa Kigoma au Ruvuma asingeonekana kabisa. Lakini huchezwa katikati ya mwaka, kwa ngazi zinazofuatana haraka kutoka shule hadi wilaya, mkoa na taifa. Mvulana ambaye shule yake imetolewa mapema na hakuchaguliwa kombaini ya wilaya amemaliza mwaka wake wa mashindano kwa mechi chache mno. Yule aliyefika fainali za taifa amecheza mechi nyingi ndani ya siku chache, mchana, akiwa amechoka, kisha akarudi nyumbani kusubiri mwaka unaofuata.

Mashindano ya wadhamini yalijaza pengo hilo kwa miaka kadhaa. Copa Coca-Cola na Airtel Rising Stars yaliibua vijana wengi, na kwa wakati wake yalikuwa ndiyo dirisha kuu la kuonekana. Udhaifu wake ni kwamba bajeti ya matangazo ya kampuni ikibadilika, mashindano huondoka pamoja nayo, na kizazi kilichokuwa na miaka 14 mwaka huo hakina pa kwenda. Unapochora kurasa zako za vizazi, weka alama mwaka ambao kila shindano lilichezwa na mwaka ambao halikuchezwa, kisha uone ni kizazi kipi kilipita katika ukame.

Upande wa klabu, kanuni za leseni zinazitaka klabu ziwe na timu za vijana, na ipo ligi ya vijana wa chini ya miaka 20. Hiyo ni hatua kubwa, na klabu kama Mtibwa Sugar na Azam zimeonyesha faida yake. Tatizo linalobaki ni la chini yake. Mvulana wa miaka 15 hawezi kupata dakika katika kikosi kilichojaa vijana wa miaka 19, kwa hiyo katika umri ambao alipaswa kucheza kila wiki, yeye hufanya mazoezi, hubeba koni na kutazama. Ukiuliza kwa upole katika vituo vya kukuzia vipaji utaambiwa jambo hilohilo kwa lugha tofauti: vijana wanafanya mazoezi ya kutosha, kinachokosekana ni mechi.

Linganisha na Uganda, ambao tunacheza nao katika kanda moja na hali yetu ya uchumi haitofautiani sana. FUFA, shirikisho la soka la Uganda, ina ligi ya vijana, Junior League, inayohusisha klabu za ligi kuu, na mashindano ya shule za sekondari ya Uganda yana ushindani mkali kiasi kwamba shule kama St Mary's Kitende hujulikana na mashabiki kama klabu. Mwaka 2019 vijana wao walitufunga 3-0 nyumbani kwetu. Mwaka 2021 timu yao ya chini ya miaka 20 ilifika fainali ya Afrika nchini Mauritania na kufungwa na Ghana, katika mashindano ambayo Ngorongoro Heroes ilitoka na pointi moja. Mwaka 2025 U17 yao ikafuzu Kombe la Dunia la Qatar. Siwezi kudai kwamba ligi ile peke yake ndiyo sababu, lakini mtu anayetaka kunishawishi kwamba tatizo letu ni maumbile ya wachezaji au lishe atalazimika kueleza kwa nini mpaka wa Mutukula unabadilisha maumbile.

Timu za wasichana nazo zinatoa ushahidi mzuri. Serengeti Girls, timu ya wasichana wa chini ya miaka 17, ilifuzu Kombe la Dunia la India mwaka 2022 kwa kuitoa Cameroon, ikafungwa 4-0 na Japan, kisha ikaifunga Ufaransa 2-1, ikatoka sare ya 1-1 na Canada na kufika robo fainali. Kenya nayo ilipeleka Junior Starlets, wasichana wake wa umri huohuo, katika fainali za Jamhuri ya Dominika mwaka 2024, timu ya kwanza ya soka ya Kenya kufika Kombe la Dunia la FIFA la ngazi yoyote. Ni kweli kwamba ushindani wa soka la wasichana Afrika bado si mzito kama wa wavulana, na mchambuzi mwaminifu ataliandika hilo. Lakini ni kweli pia kwamba msichana mwenye kipaji wa miaka 15 au 16 hupata nafasi ya kucheza katika klabu za ligi ya wanawake mapema kuliko mvulana wa umri wake anavyoipata kwa wanaume. Anafika timu ya taifa akiwa amekwisha kugongana na watu wazima.

Weka tarehe kwenye mstari

Chora mstari, mwisho wake ukiwa siku ya mechi ya kwanza ya mchujo, na urudi nyuma. Weka siku kocha alipoteuliwa, siku kambi ilipofunguliwa, mechi za kirafiki za kimataifa, siku ya vipimo, siku ya safari. Taarifa hizi zote hutangazwa na shirikisho au huandikwa magazetini, kwa hiyo hazihitaji chanzo cha siri. Ukiona kwamba kocha aliteuliwa baada ya droo, na kambi ikafunguliwa wiki chache kabla ya safari, huna haja ya kuandika maoni yoyote.

Juu ya mstari huo weka kalenda ya shule, jambo ambalo karibu kila mtu hulisahau. Mchujo wa CECAFA wa U17 ulichezwa Oktoba 2022 nchini Ethiopia na Desemba 2024 nchini Uganda. Mtihani wa taifa wa kidato cha nne hufanyika Novemba. Mvulana wa miaka 16 au 17 mara nyingi yuko kidato cha tatu au cha nne, na mzazi wake, kwa haki kabisa, anataka afanye mtihani. Uliza ni wachezaji wangapi walikosa kambi kwa sababu ya masomo, na kama shirikisho liliandikia Wizara ya Elimu mapema au liliwaachia wazazi waamue wenyewe usiku wa kuamkia safari. Kuhusu mahali pa kuweka kambi, sababu imepungua nguvu tangu TFF ijenge vituo vyake vya Kigamboni na Tanga kwa fedha za maendeleo za FIFA.

Kocha mwache hadi mstari huu ukamilike. Bakari Shime ndiye aliyekuwa na vijana wa Gabon mwaka 2017, na ndiye aliyewafikisha wasichana robo fainali ya dunia mwaka 2022. Anayetaka kueleza kila kitu kwa kocha ataandika nini kuhusu mtu huyo mmoja?

Mikoa na miezi ya kuzaliwa

Hatua hii ni fupi na mtu anaweza kuimaliza jioni moja. Andika mkoa ambao kila mchezaji amelelewa kimpira. Ikiwa wengi mno wanatoka Dar es Salaam, Mwanza na Morogoro, hiyo haimaanishi kwamba Lindi haina wachezaji. Inaonyesha skauti walifika wapi. Kisha panga wachezaji kwa mwezi wa kuzaliwa. Kwa kuwa mwaka wa soka unaanza Januari, aliyezaliwa Februari amemzidi karibu mwaka mzima aliyezaliwa Desemba ya mwaka huohuo, na katika umri wa miaka 14 tofauti hiyo ni ya kimo, nguvu na kasi. Tafiti za Ulaya zimeonyesha mara nyingi kwamba timu za vijana hujaa waliozaliwa mwanzoni mwa mwaka. Ukiona kikosi kizima kimezaliwa kati ya Januari na Aprili, makocha wanachagua miili iliyowahi kukomaa. Ukiona wengi wamezaliwa tarehe zilezile chache za mwanzo wa Januari, rudi kwenye sehemu ya makaratasi.

Fuatilia walikokwenda

Kabla ya kuandika hitimisho, rudi kwa kizazi cha miaka mitano au sita nyuma na uone wako wapi. Katika kikosi cha 2017 walikuwemo Dickson Job na Kibwana Shomari, ambao walipitia Mtibwa Sugar na kufika Yanga na Taifa Stars, timu ya taifa ya wakubwa. Kutoka kikosi cha 2019 Kelvin John alikwenda Genk ya Ubelgiji. Kizazi kilichokosa kufuzu si lazima kiwe kimepotea, na taarifa yako itakuwa na haki zaidi ikisema hivyo. Kwa upande mwingine, ukikuta kwamba nusu ya kikosi haijulikani iliko baada ya miaka mitatu, andika ni klabu zipi zilikuwa nao mara ya mwisho. Usisahau pia kwamba Mbwana Samatta, mshambuliaji wa Tanzania, alipanda kupitia klabu, kutoka African Lyon hadi Simba, TP Mazembe na Genk, wala si kupitia timu hizi. Timu ya vijana ni njia mojawapo tu.

Ukiandika, anza na namba ya mechi, kisha mstari wa tarehe, kisha umri, na mengine yafuate. Epuka kupendekeza mambo kumi. Chama cha mkoa kinaweza kuchukua pendekezo moja kwenye mkutano mkuu wa TFF na kulitetea, na pendekezo langu lingekuwa ligi ya mkoa ya chini ya miaka 15 yenye mechi zisizopungua 20 kwa mwaka kwa kila timu, hata kama uwanja ni wa vumbi na nauli ni ya daladala. Kuhusu muda, uwe mkweli kwa wasomaji wako. Akademi ya Mohammed VI ya Morocco ilizinduliwa mwaka 2010, na ni mwaka 2025 ambapo nchi hiyo ilitwaa ubingwa wa Afrika wa U17 na Kombe la Dunia la chini ya miaka 20. Ilichukua miaka 15, tena kwa fedha ambazo sisi hatuna.

Kombe la Dunia la U17 sasa ni la kila mwaka nchini Qatar hadi 2029, na watakaoruhusiwa kucheza lile la 2029 ni waliozaliwa kuanzia tarehe 1 Januari 2012. Fungua ukurasa wao katika daftari lako kabla hakujatangazwa kocha wala kambi, nenda kwenye shule na vituo vya wilaya yako, na uanze kuandika mechi wanazocheza, moja baada ya nyingine.